Mlio wa Spana

Birindwa ni dereva, rafiki yangu wa hapa Buyenzi, na si mtu wa kutunga mambo. Mchana mmoja alikwenda kufunga tela ndani ya banda la gereji. Mvua ilikuwa imeleta giza na umeme umekatika. Yeye na mwenzake Melchior huongozana kwa spana: ikigonga chuma mara moja, rudi nyuma; mara mbili, simama.

Akarudisha kichwa cha lori polepole, akifuata mlio. Ko. Ko. Kisha ko-ko, na pini ya tela ikaingia kwenye lori kwa kishindo. Akazima injini, akatia ufunguo mfukoni, akajilaza chini ya tela amulike kwa simu aone kama loki ya pini imeshika.

Simu ikaita mkononi.

"Birindwa, mi niko bado Ngagara, mvua imenizuia," alisema Melchior. "Usirudishe gari bila mi."

 Birindwa akajivuta atoke, koti likanasa kwenye chuma. Akapapasa mfuko: ufunguo ulikuwemo.

Juu ya kichwa chake spana ikagonga, mara moja tu, na taa nyeupe ya kurudi nyuma ya lori lake ikamwakia usoni.