Macho ya Mtakatifu wa Ukuta wa Kaskazini

Saa kumi na mbili asubuhi padri wa kanisa kongwe la Kiorthodoksi alifungua mlango, akakuta mtakatifu wa ukuta wa kaskazini hana macho. Lo! Picha iliyochorwa juu ya lipu mbichi, ikastahimili mvua na vita karne tatu, sasa ina mashimo mawili usoni.

Kufika saa mbili, fundi anayekarabati kuba alikuwa ameshafungwa pingu.

"Ufunguo anao, patasi anazo," padri alifoka. "Na juzi aligoma kuipaka rangi upya!"

"Niligoma kwa sababu ningeiharibu," fundi akasema. "Afande, nikilala ndani leo, nani atanipa tena kanisa nitengeneze?"

Mpelelezi, mama mnene asiyependa kuharakishwa, alipiga magoti kwa taabu, akapitisha kiganja sakafuni.

"Nani amefagia hapa?"

"Hakuna," padri akajibu. "Nimekataza mtu kugusa."

"Basi vumbi liko wapi? Mharibifu hukwangua akaenda zake. Huyu alikinga kila chembe. Na mikwaruzo ni myembamba, si ya patasi." Akaonyesha tone la nta chini ya picha. "Tena aliwasha mshumaa kwanza. Mhalifu gani huyu anayeanza kwa sala? Padri, ufunguo mwingine uko kwako; nyumbani kwako nani anaumwa macho?"

"Mjukuu wetu. Lakini hayo yanahusiana nini na..."

Mama padri, mkewe, aliyekuwa amesimama kando ya nguzo, aliangua kilio.

"Ni mimi! Bibi yangu alituambia unga wa macho ya mtakatifu, ukichanganywa na maji, hufungua macho. Mtoto ananiuliza kama bado ni usiku, mchana kweupe! Mfa maji haachi kutapatapa. Nikachukua pini ya nywele."

"Na ukaacha huyu afungwe?" mpelelezi akauliza.

"Niliogopa. Nisamehe, fundi."

"Mama, rangi za kale zina sumu," mpelelezi akasema kwa upole. "Umeshampaka?"

"Alfajiri."

Padri aliketi chini. Pingu zikafunguliwa. Fundi akasugua mikono. Wote walingoja matusi, na haki ya kutukana alikuwa nayo.

"Sasa mnanitazama nini?" akafoka. "Msafisheni mtoto macho kwa maji mengi, mleteni! Gari langu liko nje, hospitali si mbali. Ukuta utatungoja."