Faili la Cheche

Kitu cha kwanza kilikuwa mhuri. Kila asubuhi karani wa masjala alipofungua kabati la ofisi ya mipango miji, aliukuta una moto, kama kikombe kilichotoka kumiminiwa chai. Akadhani ni jua. Kabati lile halikuwahi kupigwa na jua.

Wiki ya pili ikaja harufu ya chuma kinachochomewa. Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, foleni imejaa, ramani za kata nzima ziliungua ndani ya droo iliyofungwa, bila moshi, na karani alipoivuta ile droo, huku akisikia ndani yake mtu anasaga chuma polepole, polepole, kama asiyedaiwa kazi na yeyote, viganja vyake vilibanduka ngozi, ikabaki kwenye mpini.

Habari zilimfikia Cheche, fundi wa mageti, karakanani kwake. Akakaa chini. Karani yule alikuwa mjane wa kaka yake.

Mungu amsamehe, Cheche mwenyewe ndiye aliyepeleka jini kule ofisini. Miaka miwili manispaa ilimwambia eneo lake ni la makazi, karakana haitakiwi, ahame. Alikwenda ofisini mara kumi na tisa. Njoo kesho, bwana mipango yuko kikaoni. Mwisho, badala ya kumlilia Muumba wake, alimwendea mzee mmoja, akapewa karatasi iliyokunjwa, jini limefungwa ndani yake.

"Ifukie kizingitini mwao," mzee alimwambia. "Utakapoliweka ndipo kwake. Pakihama, litahama napo."

Lakini kizingiti cha manispaa ni zege tupu. Na katika ofisi nzima, kitu pekee walichomruhusu kushika kilikuwa faili lake. Akaichomeka ile karatasi humo, katikati ya barua zake za maombi.

Baada ya mwezi, shemeji yake aliingia karakanani, mikono imefungwa bendeji, faili kwapani.

"Haya, shemeji, furahi," alisema, akijibwaga kwenye benchi. "Wamekubali ubaki. Bwana mipango kasaini anatetemeka. Kasema mpeni kila mtu anachotaka, yeye kachoka. Nikakuombea na faili lako, wasije wakakuzungusha tena."

"Lirudishe," Cheche alinong'ona.

"Na jua hili? Basi nitalala nalo nyumbani, nilipeleke kesho."

Nyumbani kwake walilala watoto watatu wa marehemu. Cheche alitaka kusema, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, lakini aliitazama ile mikono ambayo haikuweza hata kujifunga mtandio, akaona aibu kuliko alivyomwogopa Mungu, na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko lile la kwanza. Akanyoosha mkono, akalipokea. Jalada lilikuwa na uvuguvugu.

"Mbona jasho?"

"Joto tu."

"Fundi wa moto analalamikia joto," shemeji alisema, akacheka kichovu.

Alfajiri ya pili yake, Cheche alikuwa anatoka kutawadha, miguu bado inachuruzika, mkewe aliporudi kutoka uani na funguo mkononi.

"Baba, kufuli la karakana lina moto," alisema kwa sauti ya chini. "Na huko ndani kuna mtu anasaga chuma. Ni nani?"

Cheche alitandika mswala wake taratibu, akaunyoosha pembe.

"Kibarua mpya," akasema. "Mwache afanye kazi."