Vidonge vya Mwalimu Eugenia

Harufu ya mnanaa ndiyo iliyomshtua Muuguzi Redempta. Alhamisi, saa nne asubuhi, katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ya Kibaha, alikuwa akisaga kidonge cha Mwalimu Eugenia ili akipitishe kwenye mpira wa puani. Dawa ile kwa kawaida haikuwa na harufu.

Saa tano Inspekta Monica alishafika.

"Mshipa ulipasuka kichwani, damu ikauzunguka ubongo," daktari alimweleza. "Tuliuziba. Hatari iliyobaki ni mishipa mingine kujikaza. Vidonge hivi, kila baada ya saa nne, ndivyo kinga yake. Juzi alifumbua macho. Leo mkono wa kushoto haunyanyuki."

Ndani ya kopo la dawa yake mlikuwa na vidonge vya kiungulia, vyenye mnanaa. Jana saa nane mchana, Redempta alipomaliza zamu, dawa ilikuwa sawa. Baada ya hapo waliingia wageni wawili tu: mumewe Telesphory, mkulima wa Kibuta, na Mwalimu Mkuu Deogratias, aliyemkimbiza hospitali siku alipoanguka shuleni, na ambaye kila jioni alikuja kumwombea.

Monica alianza na mume. Mfukoni mwake akakuta vidonge vilevile vya kiungulia.

"Nina vidonda vya tumbo, afande. Nimuue mama wa wanangu kweli?"

Monica alikaribia kumtia pingu. Akaona amsikilize kwanza yule mwingine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Kuna mtu amebadilisha dawa za Eugenia."

"Yesu wangu! Basi ni Telesphory. Kumbe vidonge vyake vya kiungulia alikuwa anamwekea mkewe!"

Monica alimkazia macho. "Nimesema zimebadilishwa, mwalimu. Za kiungulia nani kakwambia?"

Deogratias aliukumbatia mkoba wake. Monica akaupekua: ndani, kwenye leso, vilikutwa vidonge halisi.

"Alinikuta nafungua bahasha ya mtihani wa darasa la saba kabla ya siku yake," alisema hatimaye. "Nilitaka shule yangu iongoze wilaya. Tukagombana, akashika kichwa, akaanguka. Haki ya Mungu, siku ile nilitaka apone. Lakini juzi alifumbua macho, akaniangalia mimi."

Telesphory alipoambiwa, alikaa sakafuni. "Deogratias? Baba wa ubatizo wa mwanangu?"

Wiki tatu baadaye Eugenia alitoa ushahidi akiwa kitandani, taratibu, neno kwa neno, mkono wa kulia ukiushika ule wa kushoto ambao nguvu zake hazikurudi tena.