Ardhi ya Kinanda

Mimi ni mtu wa kinyaa, nalisema mapema ili mnielewe. Ninafua mashuka ya hoteli kule Diani, nimeona kila uchafu ambao mwili wa binadamu huweza kuuacha kitandani, na mpaka leo sijauzoea. Lakini mtu akitafuna mdomo wazi mbele yangu, hapo ndipo ninaposhindwa kabisa. Ninahama meza. Haya yaliyompata mdogo wangu Ndulu huko Kikoneni niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, na siku hiyo nilitamani kuwa kiziwi.

Kinanda kiliwasili siku ya Jumamosi, asubuhi nzuri yenye jua, nami nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Nzau, mume wa Ndulu, ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa lao, na kinanda hiki cha umeme alikuwa amekiota kwa miaka. Kilikuja kipya, bado kina nailoni zake. Ndulu naye alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimemharibikia, na hii ya tatu ilikuwa imeshaanza kucheza tumboni. Daktari alimsisitizia neno moja tu, ale vizuri. Tulikuwa na furaha nyumba nzima.

Nzau akakiwasha. Sauti ilikuwa tamu, ila chini yake palikuwa na kelele nyembamba isiyokatika, shiii, kama sufuria ya maji inayokaribia kuchemka. Akabadilisha waya, akachomoa friji, akatuamuru sote tuzime simu. Kelele ikabaki pale pale.

Akaitwa fundi Lewis kutoka Ukunda, kijana wa bara mwenye maneno mengi. Alipima soketi, akatikisa kichwa. "Buda, hii nyumba yako haina ardhi," akasema. Shemeji yangu akabadilika rangi. Baba yake alitoka Ukambani kuja kulima huku, na tangu utotoni Nzau amekuwa akiambiwa kwamba shamba hili si lao. Hakuuliza swali, aliingia chumbani akarudi na hati ya shamba mkononi. Tulicheka mpaka Ndulu akashika tumbo. Ikabidi Lewis aeleze kwamba ni umeme ndio usiokuwa na njia ya kushuka ardhini, na kwamba dawa yake ni nondo ya shaba ichimbiwe nje na kuunganishwa na waya.

Walichagua nyuma ya jiko, mahali palipodidimia kidogo, kwa kuwa udongo wake ulikuwa laini. Nondo iliingia yote bila kupigwa sana, ikabaki ncha ya juu tu. Lewis akatia mkaa na chumvi kuizunguka. "Hapa pakikauka, kelele zitarudi," akaonya. "Muwe mnainywesha ardhi." Walipowasha kinanda, kilikuwa kimya kabisa.

Maji Kikoneni huletwa kwa mkokoteni, hakuna wa kumwaga maji safi chini. Kwa hiyo Ndulu akawa anainywesha ardhi yake maji ya kuoshea vyombo, pamoja na makoko ya ugali, miiba na magamba ya samaki yaliyoelea ndani yake. Nilimwambia panaanza kunuka. Akanitania kwamba mimi hata maji ya mvua ningeyafua kwanza.

Nilirudi Diani. Nilipokwenda tena kumtazama, nilishtuka. Tumbo lilikuwa limetokeza, lakini mabega yalikuwa mifupa. Alikuwa hali chakula. Nilipomuuliza, alinishika mkono, akanipeleka sebuleni, adhuhuri, jua likiwaka dirishani. Nzau alikuwa amekaa mbele ya kinanda, mikono mapajani. Ndulu akaongeza sauti mpaka mwisho bila kugusa kibonyezo chochote cha muziki.

"Sikiliza," akaninong'oneza.

Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia.

Mcha. Mcha. Mcha.

Mtu alikuwa anatafuna. Mdomo wazi. Mdomo wenye mate mengi. Akameza. Akafyonza meno. Halafu akacheua, chakula kikapanda kooni, nikakisikia kikipanda. Akaanza kukitafuna upya.

"Kila nikila, anakula," Ndulu akasema. "Nikitia tonge mdomoni, naona limeshatafunwa. Lina mate, dada. Mate ya mtu."

Nilikimbia nje nikatapika ukutani. Niliporudi, Nzau alikuwa amechomoa waya wa kinanda kutoka kwenye soketi na ameushika mkononi. Kutafuna hakukukoma. Kulipungua tu, kukatulia kidogo, kama mtu aliyegundua kuwa anasikilizwa. Kisha kukaendelea, polepole.

Ndulu alichukua karai la vyombo akatoka, nadhani kwa mazoea tu. Twaiba, jirani yake wa ng'ambo ya ua, alikuwa anakuja na sinia la samaki wake wa kukaanga. Alimwona akimwaga.

"Shoga, unamlisha nani hapo?"

Ndulu akajitahidi kutabasamu, akamweleza habari ya ardhi ya kinanda. Twaiba hakucheka. Aliweka sinia chini mbali na pale. Alisema kwamba wao Wadigo pia huwalisha koma, wazee wao waliokufa, lakini hupewa chakula safi, hutajwa kwa majina, na wakimaliza huagwa. Pale palipodidimia hakuna aliyejua ni nani aliyelala. Bibi yake alikuwa akipita mbali napo, basi.

"Umemnywesha makombo, tena hukumtaja jina," akamwambia Ndulu kwa sauti ya chini. "Sasa hajui yeye ni nani. Anajua njaa tu."

Tuliing'oa nondo siku ile ile, mimi na Nzau. Iligoma. Tukavuta. Ikagoma. Halafu ikatoka yote kwa mkupuo, kana kwamba huko chini kuna aliyeiachia. Ilikuwa imetapakaa mafuta meupe yaliyoganda, na harufu yake ilikuwa ya kinywa kisichopigwa mswaki tangu kuzaliwa. Ncha ya chini, iliyokuwa kali, ilikuwa imelika na kuwa butu. Nilinawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikachubuka. Nondo tuliitupa chooni, shimo tukalifukia.

Kinanda kikarudia kelele yake ya zamani, shiii, kelele safi ya umeme. Sijawahi kuipenda kelele namna ile. Jioni ile Ndulu alikula ugali wote akaomba mwingine, na sote wawili tukalia. Kwaya waliimba hivyo hivyo juu ya kelele, na mashavu ya mdogo wangu yakarudi.

Alijifungua mtoto wa kiume, mkubwa, mzima. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kumfulia. Nilikuwa mlangoni nakamua nguo, naye yuko kitandani ananyonyesha, niliposikia.

Mcha. Mcha. Mcha.

Mtoto akaacha titi. Akafyonza ufizi wake usio na jino. Akacheua begani kwa mama yake.

"Anakula vizuri, dada," Ndulu akasema huku akimfuta kwa kanga. Uso wake ulijaa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Alinipa ile kanga niifue. Madoa ndiyo kazi yangu, na doa la maziwa ya mama ninalijua. Katikati ya lile palikuwa na kitu kinachong'aa. Nikakibandua kwa ukucha. Kilikuwa gamba la samaki, na chini yake palikuwa na punje ya mkaa.

Huko sebuleni, Nzau na wazee wa kwao walikuwa bado wanabishana kuhusu jina la mtoto.