Tumbo la Faida katika Msimu wa Mpunga

Mpunga unapoiva katika mji wa Kasongo, watoto huamka mapema kuliko siku za shule. Kila mmoja ana zamu yake shambani. Anapanda juu ya kichanja, anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo na kupaza sauti mpaka koo linakauka. Ndege wadogo wakishuka kwa kundi, wanaweza kumaliza jasho la familia nzima asubuhi moja. Faida, msichana wa darasa la sita, aliijua kazi hiyo vizuri na hakuwahi kuikataa. Taabu ilikuwa Jumamosi hii tu.

Jumamosi hii wasichana wa mtaa wao walikuwa na mechi ya mpira dhidi ya wasichana wa Kabambare. Wageni walikuwa wamefika tangu Ijumaa, watatu watatu juu ya pikipiki, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakiimba njia nzima ya soko. Golikipa wao alikuwa mrefu kama mlango. Faida alipomwona, miguu ilianza kumwasha kwa hamu ya kucheza.

"Mama, nibadilishie zamu," aliomba Ijumaa hiyo jioni.

"Nimpe nani? Baba yako yuko Salamabila anauza mchele, na mimi nina palizi ya mihogo. Ndege hawajui mechi, mwanangu."

Faida akaenda nyuma ya nyumba kumwona rafiki yake Naomie. "Kesho asubuhi nitaumwa tumbo," alimnong'oneza. "Mama atanilaza. Mchana nitapona, tutaenda uwanjani."

Naomie alicheka akashika mdomo. "We! Na usipopona?"

"Nitakosaje kupona wakati siumwi?"

Asubuhi Faida alilia vizuri mno. Alijikunja juu ya mkeka, akashika tumbo upande wa kushoto, akatoa mlio ambao hata kuku walitawanyika. Alitegemea chai ya tangawizi na blanketi. Lakini mwezi ule watoto kadhaa wa mtaa walikuwa wamepasuliwa matumbo, na Mama Faida alipousikia mlio huo alifikiria kisu na jeneza. Alitupa jembe chini, akakimbilia njiani na kumsimamisha Iliasi, kijana wa pikipiki.

"Mutoto iko na nini, mama?" Iliasi aliuliza.

"Tumbo! Twende kliniki mpya, upesi!"

"Panda, mushikane! Leo hata upepo hautatukuta!"

Waliruka mashimo, wakakwepa mbuzi, wakapita msikitini honi ikilia. Faida, akiwa amebanwa katikati, alisahau kulia. Kisha akakumbuka, akaendelea.

Kliniki ya Dokta Serge iling'aa. Kuta zilikuwa nyeupe na kijani, jenereta ilinguruma, na daktari mwenyewe alikuwa na sauti ya upole na viatu visivyojua matope. Alisoma chuo kikuu kweli, cheti chake kilining'inia ukutani. Alimbonyeza Faida mara mbili tatu. Kila alipobonyeza, Faida alisema "Aiii!" kwa sababu hakujua alitakiwa aumwe wapi.

"Ni apandisite," daktari alisema. "Kile kidole tumbo kimeoza, kinakaribia kupasuka. Lazima tumpasue leo hii."

Mama Faida alishika kichwa. "Ya Rabi! Na baba yake yuko mbali, sina kitu mkononi."

"Una mpunga shambani?"

"Ninao, umeiva."

"Basi usilie. Utavuna, utatuletea nusu. Uhai wa mtoto kwanza."

Muuguzi alimwongoza Faida kwenye chumba cha wagonjwa, akamvika shuka la kijani na kumlaza. Kwenye kitanda cha pili alilala Bruno, mwanafunzi mwenzake, mshipa wa mkono wake umechomekwa mpira wa serumu, yale maji ya dawa, uliotoka kwenye chupa iliyoning'inia juu.

"Na wewe apandisite?" Faida aliuliza.

"Eeh. Watanipasua leo, wewe baada yangu," Bruno alijibu kwa sauti dhaifu. Yeye alikuwa anaumwa kweli, macho yake yalikuwa ya njano na mwili ukimtetemeka.

Faida aliinuka ghafla kitandani. "Mama! Mama njoo! Siumwi! Nilidanganya!"

Mama aliingia mbio, daktari nyuma yake. Daktari akacheka taratibu. "Wote husema hivyo wakisikia habari ya kisu. Na sikiliza, mama: maumivu yakikatika ghafla, hapo ndipo hatari. Huenda kimeshapasuka."

"Sijapasuka! Sikuumwa hata kidogo! Nilitaka kwenda kwenye mechi!"

"Tulia, mwanangu," mama alisema huku machozi yakimdondoka. "Usiogope. Nitakushika mkono."

Faida alikuwa amesema uongo, ukaaminika mara moja. Sasa alikuwa anasema kweli, na kweli ilikuwa haina mahali pa kuingilia. Nje alisikia vyombo vya chuma vikigongana ndani ya sinia.

Ndipo Naomie akatokeza kichwa dirishani, akihema. Alikuwa amekimbia kutoka mtaani alipoambiwa kwamba Faida amebebwa.

"Naomie! Mwambie mama!"

"Mama Faida, ni kweli!" Naomie alipiga kifua. "Aliniambia jana nyuma ya nyumba. Alisema ataumwa asubuhi, apone mchana. Nikamwambia, na usipopona?"

Mama Faida aligeuza macho kwa Naomie, kisha kwa binti yake, kisha kwa daktari. Uso wa daktari ulibadilika kidogo. "Mama, utaamini watoto au utaamini damu? Majibu ya damu yake yametoka sasa hivi. Damu yote imejaa uchafu."

"Damu gani?" Faida aliuliza.

Faida akanyoosha mikono yote miwili mbele ya mama yake. "Tazama! Nani amenitoboa? Tangu tufike, hakuna aliyenigusa kwa sindano!"

Mama Faida alishika mkono wa kwanza, akakagua kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta mwiba. Akashika wa pili. Akakunjua viwiko, akatazama hata masikio. Hakukuwa na alama yoyote. Aliponyanyua uso, machozi yalikuwa yamekauka.

"Dokta, hiyo damu mliitoa wapi?"

"Labda... labda maabara wamechanganya."

"Wamechanganya damu. Na tumbo je, mngechanganya?"

"Ukitoka hapa na mtoto akifa njiani, usije kunililia!" daktari alifoka. Upole wote ulikuwa umemtoka.

"Sitakuja," Mama Faida alisema. "Faida, vua hilo shuka."

Faida alivua, akashuka kitandani. Mlangoni akasimama. "Na Bruno?"

Papa Antoine, baba yake Bruno, alikuwa amesinzia kwenye benchi la nje, amechoka kwa kukesha. Faida akamtikisa bega. "Papa Antoine! Walimtoa Bruno damu ya kupima?"

"Damu? Dokta alisema wameipima." Alifuta uso, akaingia ndani. "Bruno, walikutoboa kidole?"

"Hapana, papa. Serumu tu."

Papa Antoine alikuwa mkulima mpana wa mabega. Alimnyanyua mwanawe kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaichukua chupa ya serumu, akatoka nayo juu kama mtu aliyeshinda kikombe. Iliasi alikuwa bado nje anapoza injini.

"Papa, unaenda wapi na chupa ya watu?"

"Hospitali kuu! Endesha polepole, mutoto iko mugonjwa!"

Pikipiki ilitangulia. Faida, Naomie na Mama Faida wakafuata kwa miguu. Kutembea kukawa kukimbia, na Faida ndiye aliyekuwa mbele. Watu wa sokoni walisimama.

"Kuna nini?"

"Huyu msichana kidole tumbo kimempasukia!" Naomie alijibu bila kupunguza mbio.

"Huyo anayekimbia?"

Soko likaangua kicheko, na watu wengine wakajiunga na safari.

Hospitali kuu ilikuwa na rangi iliyobanduka na foleni ndefu, lakini siku hiyo alikuwepo Dokta Julienne, daktari mkuu wa zoni ya afya, msimamizi wa kliniki zote za eneo hilo. Alimtoboa Bruno kidole, akapima damu na choo, akasubiri majibu, akamwonyesha Papa Antoine na kumweleza kila kitu: malaria kali, pamoja na minyoo. Dawa ilitosha, kisu hakikuhitajika.

Kisha akamgeukia Faida. "Na wewe, uliumwa upande gani?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wakiwemo wasichana wa timu yake. Faida alitamani ardhi immeze. Akasema, "Sikuumwa, dokta. Nilidanganya. Nilishika upande huu."

"Kushoto! Kidole tumbo kiko kulia, hapa chini." Dokta Julienne alivua miwani. "Utakuja nami ukayarudie hayo mbele ya Dokta Serge?"

Faida alikubali.

Kwenye kliniki, Dokta Serge alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mtamwamini mtoto aliyekiri mwenyewe kwamba ni mwongo?"

Maneno hayo yalimchoma Faida, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini Dokta Julienne alijibu, "Sikuja kuamini maneno ya mtu. Nionyeshe maabara."

Kwenye maabara, darubini ilikuwa imefunikwa kwa plastiki. Buibui alikuwa amejenga utando juu yake. Wazazi waliochungulia dirishani walipiga kelele. Mama Consolée, ambaye mwanawe alipasuliwa wiki iliyopita, alisema, "Mwanangu pia hakutobolewa. Na nusu ya mpunga wangu imeshaletwa hapa." Mwingine akasema hivyo hivyo, na mwingine.

"Ajabu," Papa Antoine alisema. "Miezi ya njaa, hakuna tumbo la mtoto lililooza. Mpunga ukiiva tu, matumbo yote yanaoza!"

Kabla ya jua kuzama, chumba cha upasuaji kilifungwa kwa kufuli la zoni ya afya. Dokta Serge aliitwa mbele ya sheria, na mpunga wa watu ukaamriwa urudishwe. Kutoka uwanjani zilisikika nyimbo za wasichana wa Kabambare. Walikuwa wameshinda.

Dokta Julienne aliwakusanya wazazi na watoto uani. "Dokta Serge alisoma kama mimi," alisema. "Elimu ilimpa ujuzi. Uaminifu alipaswa kuuchagua mwenyewe, na hakuuchagua. Lakini msirudi nyumbani mkiwakimbia madaktari. Ugonjwa wa kidole tumbo upo na unaua, na kisu chenye haki kinaponya. Ila ulizeni. Mmepima nini? Nionyeshe. Daktari mwema hachukii swali."

Mama Faida aliinamisha kichwa. "Mimi niliona rangi nzuri ukutani, nikanyamaza."

Kisha daktari akachuchumaa mbele ya Faida. "Leo umewaokoa wengine, na nakushukuru. Lakini sikia vizuri. Uongo wako na uongo wake ulikutana katika chumba kimoja, na wake ulikuwa na kisu. Mwongo hupenda kufanya kazi na mwongo mwenzake. Siku tumbo litakapokuuma kweli, nani atakuamini?"

Faida alimtazama mama yake.

Mama akamshika mkono, kile kiganja alichokikagua kidole kwa kidole.

"Nitaanza kumwamini kesho," alisema. "Leo niacheni nikasirike kwanza."