Ukweli Wote Kuhusu Taísa

Edileuza aliuza sokoni mikate myembamba ya wanga wa muhogo, yenye nazi na jibini ndani. Alikaa Pedra Mansa, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Brazili, pamoja na mumewe Genival na binti yao Taísa, mwenye miaka kumi.

Taísa alizaliwa na miguu iliyokakamaa. Alitembea kwa magongo. Kichwa chake kilikuwa chepesi, na darasani hakuna aliyemshinda kusoma.

"Binti yangu hana anachoshindwa," Edileuza aliwaambia wateja wake. "Kila kitu anafanya mwenyewe."

Haikuwa kweli, naye alijua. Lakini Taísa alipokuwa mdogo, watu walikuwa wakimtazama njiani na kusema, "Maskini wee!" Maneno hayo yalimchoma Edileuza moyoni. Akaapa kwamba hakuna atakayemhurumia mwanawe tena.

Miaka mitatu nyuma waliomba posho ambayo serikali huzipa familia zenye kipato kidogo na mtoto mwenye ulemavu. Siku ya kupimwa, Edileuza alimvalisha Taísa gauni jipya. Kila daktari alipouliza, mama alidakia, "Anaweza, daktari. Hilo nalo anaweza." Ombi likakataliwa.

"Afadhali," Edileuza alimwambia mumewe. "Sisi si ombaomba."

Mwaka huu mambo yalibadilika. Taísa alirefuka ghafla, na misuli yake ikazidi kukaza. Magongo hayakumtosha tena. Alianguka bafuni. Alianguka shuleni. Edileuza akawa anambeba mgongoni kupanda kilima hadi shule, kisha anarudi kumchukua. Siku nyingi hakufika sokoni. Genival alifanya kazi za ujenzi, na kazi zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Mazoezi ya viungo yalitolewa mji wa pili, lakini nauli ilikuwa shida.

Asubuhi moja jirani yao Marluce aliwakuta kilimani. Marluce alikuwa ofisa ustawi wa jamii katika kituo cha mtaa.

"Edileuza, mgongo huo utakatika, dada!"

"Mgongo wa muuza mikate haukatiki," Edileuza alijibu huku akihema.

"Umekwenda kuomba posho upya?"

"Walishatukatalia. Niende kujidhalilisha mara ya pili?"

"Walimkataa mtoto uliyewasimulia," Marluce alisema. "Mtoto anayefanya kila kitu. Huyo unayembeba hawajamsikia. Tena hali yake imebadilika. Hali ikibadilika, ombi jipya linaruhusiwa."

Edileuza alimpandisha Taísa vizuri mgongoni, akaendelea kupanda. Jioni alikwenda kwa Marluce pamoja na Genival na Taísa. Marluce akawamiminia kahawa, akawaeleza polepole.

"Kwanza, njooni kituoni mhuishe taarifa za familia: mnaishi wangapi, na nani anapata nini. Pili, daktari wake aandike hali ya leo. Ya miaka mitatu iliyopita haisaidii. Mwalimu naye aandike anachokiona shuleni. Wapimaji watauliza pia kuhusu kilima, usafiri, na nani anamsaidia."

"Kuna bwana mmoja sokoni," Genival alisema. "Anasema atatufanyia yote, tumkatie sehemu ya posho."

"Mwambie aende akauze samaki! Kuomba ni bure. Wakikataa, mna haki ya kukata rufaa, na hiyo nayo ni bure."

"Na nitasema nini mbele ya daktari?" Edileuza aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siku ya kawaida ilivyo. Siku mbaya ilivyo. Usiongeze, usipunguze. Mficha uchi hazai, jirani."

Machozi yalimlenga Edileuza. "Nikae nimtangaze mwanangu kuwa hawezi hiki, hawezi kile? Naye anasikia?"

Taísa aliweka kikombe chini. "Mama, mimi ninajua nisichoweza. Miguu ni yangu."

Genival aliangua kicheko. Marluce naye akacheka. Edileuza peke yake hakucheka. Alimtazama bintiye kama aliyemwona upya.

Siku ya kupimwa ikafika. Daktari alimgeukia Taísa. "Unavaa viatu mwenyewe?"

"Ana—" Edileuza alianza, mazoea yakimvuta.

"Siwezi," Taísa alisema. "Nikiinama ninaanguka. Bafuni mama hunishika. Usiku miguu huuma, ninamwamsha. Lakini kusoma ninaweza, daktari. Nikusomee hiyo karatasi?"

Daktari alitabasamu. Edileuza akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza akaeleza yote: kilima, kuanguka, mazoezi waliyokosa, siku ambazo hakuuza. Hakuna aliyesema "maskini." Daktari aliandika tu, akauliza tena, akaandika.

Baada ya miezi kadhaa jibu likaja. Posho ilikubaliwa.

Sasa Taísa alikwenda mazoezini kila juma. Wauguzi wa huko wakamsaidia kupata kiti cha magurudumu kinachomfaa. Genival akajenga njia ya mteremko mlangoni, na Edileuza akarudi sokoni.

"Msilale," Marluce aliwakumbusha. "Mapato yakibadilika, mkihama, au akiongezeka mtu nyumbani, njooni mseme. Afya yake ikibadilika, pelekeni ripoti mpya. Anayesema mapema halali na hofu."

Mwezi wa Juni ukaingia. Shule ilijiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, ambapo huwashwa moto mkubwa na watu hucheza wawili wawili wakifuata sauti ya anayeita hatua za ngoma. Mwalimu alipendekeza Taísa avae taji, akae karibu na moto.

"Kukaa nakaa kila siku," Taísa alisema. "Mimi nataka kuita hatua."

Usiku wa ngoma, wachezaji walisimama wawili wawili kwa kofia za ukindu na magauni ya maua. Taísa alikisogeza mwenyewe kiti chake hadi katikati ya uwanja.

"Mvua hiyooo!" akapaza sauti. Wote wakageuka mbio, kama ngoma hiyo inavyotaka.

"Uongooo!" Wote wakageuka tena, wakicheka na kugongana.

Bwana mmoja mgeni alimwinamia Edileuza. "Ni mtoto wa nani yule?"

"Wangu," Edileuza alisema, kifua mbele. "Miguu yake haimbebi, bwana. Lakini tazama anavyouzungusha mji mzima!"