Kilo Themanini na Nne

Kila jioni, akitoka shule, Mwandiko alipitia sokoni kumsaidia shangazi yake, muuza nyanya. Jina hilo la utani alilipata darasani, kwa kuwa herufi zake zilikaa kwenye mstari kama zilizopigwa rula. Kazi yake sokoni haikuwa nadhifu hivyo. Alibeba ndoo za nyanya mbovu na majani ya kabichi hadi nyuma ya soko, ambako shangazi na wenzake tisa walitengeneza mboji. Alimwaga, akafunika kwa majani makavu, akaziba pua na kurudi mbio.

Siku hizo shangazi hakuwa na raha. Msimamizi wa soko alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: wasipojenga banda lenye paa na sakafu kabla ya mvua, rundo lao litaondolewa. Banda lilihitaji ruzuku, na ruzuku ilihitaji fomu. Shangazi hakuyaona vizuri maandishi madogo, kwa hiyo fomu ikamwangukia Mwandiko.

Swali la nne lilimtoa jasho. Liliuliza ni kilo ngapi za chakula hutupwa sokoni kwa siku. La tano liliuliza watapunguza vipi. Mwandiko akakuna kichwa. Je, watoa ruzuku walitaka taka nyingi au chache? Zikiwa nyingi, soko litaonekana la wabadhirifu. Zikiwa chache, wataambiwa hawana haja ya msaada. Alisoma mara tatu, na kila mara akazidi kuchanganyikiwa.

Shangazi akamwambia achukue mizani akapime. Jumatatu alipita meza kwa meza, akapata kilo nane tu. Alishangaa, maana ndoo zake za kila siku zilikuwa nzito kuliko hizo. Hakujua kwamba wauzaji, waliposikia mtoto anaandika taka za watu, waliona haya. Muuza kabichi alikuwa amelikalia gunia lake la majani yaliyooza, akitabasamu kama anayepigwa picha.

Shangazi akazunguka kuwaeleza wenzake kwamba bila taka hakuna ruzuku. Jumanne mizani ikasoma kilo mia moja na sitini. Humo mlikuwa na maganda yaliyotoka majumbani, kabichi nzima zisizo na doa, na matofali mawili yaliyopakwa nyanya.

Kichwa kikamzunguka. Ndipo akakumbuka somo la hisabati. Akajumlisha vipimo vyote viwili, akagawanya kwa mbili, akaandika kwa wino: 84. Namba ilipendeza sana ndani ya kisanduku chake.

Shangazi aliposomewa, aliacha kupanga nyanya.

"Uliwaona akina nani wakitupa kilo themanini na nne?"

"Sikuwaona, shangazi. Huo ni wastani."

"Wastani wa nini? Jana walituficha, leo wametujazia matofali. Umechukua uongo ukajumlisha na uongo, kisha ukagawanya. Ukweli utatokea wapi hapo?"

Mwandiko akaitazama tena 84 yake. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na bado jibu halikuwa la kweli. Jambo hilo lilimsumbua hadi alipoanza kupima upya, siku tatu mfululizo, wakati wa kufunga soko, bila kumtangazia mtu. Alipata kilo arobaini na moja, thelathini na saba, na arobaini na mbili. Fomu ilikuwa moja tu. Akaifuta 84 kwa mstari, akaandika 40 pembeni, na chini akabananisha maelezo ya siku mbili za mwanzo. Mstari ule ulimuuma kama kidonda.

Wiki mbili baadaye afisa wa ruzuku alifika bila taarifa, na mizani yake mkononi. Akapima: kilo thelathini na tisa. Kisha akafungua fomu na kuweka kidole juu ya 84 iliyofutwa. Muuza kabichi akamkonyeza Mwandiko aseme kalamu iliteleza. Mwandiko aliliona banda lao lote likining'inia kwenye jibu lake.

"Nilikosea," alisema. "Nilipiga hesabu nzuri kwa vipimo vya uongo. Na hata sasa sielewi kama mnataka taka nyingi au chache."

Afisa akacheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba hawataki nyingi wala chache. Wanataka kujua zilivyo leo, ili mwakani wapime tena waone kama zimepungua. Masoko matatu aliyotoka kuyatembelea yaliandika namba safi, lakini mizani ilizikataa zote.

Ruzuku ikatoka, na banda likajengwa kabla ya mvua. Siku ya kwanza ya kumwaga ndoo chini ya paa, shangazi alimshika Mwandiko bega.

"Mwanangu, anayetaka kukusaidia ni lazima aione hali yako ilivyo. Ukimdanganya, atamsaidia mtu mwingine ambaye hayupo, na wewe utabaki na shida yako."

Muuza kabichi, aliyekuwa akisikiliza, akainuka taratibu na kulivuta gunia alilolikalia.

"Chukua na hili," alisema. "Kilo sita. Nimepima mwenyewe."

Mwandiko akalipandisha kwenye mizani hata hivyo. Zilikuwa sita.